Mtoto aliyekatazwa vyakula: namna ya kumrudisha kwenye chungu cha nyumbani



Somo hili linamhusu mtoto mwenye umri wa miezi 6 na kuendelea ambaye ameharisha kwa muda mrefu, na kliniki ikaagiza ale vyakula vichache tu mpaka tumbo litulie. Sasa choo kimeanza kuwa kizuri. Jirani anasema mpe ugali na maharage apate nguvu. Bibi yake anasema hapana, aendelee na uji mweupe. Wewe umsikilize nani?

Kuna makosa mawili, na yote mawili yanaua. Kosa la kwanza ni kumrudishia mtoto vyakula vyote kwa siku moja. Anaharisha tena na kupungukiwa maji. Kosa la pili halina kelele: ni kumwacha kwenye uji mtupu wiki baada ya wiki kwa sababu ya hofu. Haharishi, lakini uso na miguu vinaanza kuvimba, nywele zinakuwa nyepesi na mekundu, na mtoto hataki kucheza. Huo ni utapiamlo mkali unaoitwa kwashakoo. Chakula cha kuzuia ni dawa ya muda. Dawa ikizidi siku zake inakuwa sumu.

Kwa nini tumbo linakataa

Ndani ya utumbo mdogo kuna vinyweleo vidogo sana, kama nyuzi za taulo. Kazi yake ni kufyonza chakula kiingie kwenye damu. Kuharisha kunapofikisha siku 14 au zaidi, vinyweleo hivyo vinakuwa vimechubuka. Kwenye ncha zake ndipo inapotengenezwa kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa. Ndiyo maana maziwa mabichi ya ng'ombe au ya unga yanaweza kumharisha mtoto ambaye zamani aliyanywa bila shida. Vinyweleo vikiota upya, uwezo huo unarudi. Lakini haviwezi kuota kama mtoto hali protini, mafuta na vitamini. Chakula chenyewe ndicho kinachoponya utumbo.

Maziwa ya mama hayamo kamwe katika orodha ya vyakula vilivyokatazwa. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, usiku na mchana. Mtoto ambaye hajafikisha miezi 6 apewe maziwa ya mama peke yake, na mpango wa vyakula ulio hapa chini haumhusu.

Katazo la muda na katazo la maisha

Uliza kliniki swali hili: "Mtoto wangu amekatazwa kwa muda, au kwa maisha?" Kwa watoto wengi waliodhoofishwa na kuharisha, jibu ni kwa muda. Lakini wapo wachache ambao mwili wao haupatani kabisa na ngano. Ugonjwa huo unaitwa siliaki. Kwa wakimbizi wa Sahara Magharibi waishio katika makambi ya Algeria, utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uliwapima watoto na kukuta kwamba kati ya 5 na 6 katika kila 100 walikuwa nao. Chakula chao cha kila siku kilikuwa kimebadilika na kuwa ngano kwa wingi.

Mwaka 1924 daktari Sidney Haas wa New York aliwatibu watoto wa namna hiyo kwa chakula chenye ndizi nyingi, nao wakapata nafuu. Watu wakadhani ndizi ndiyo dawa. Baadaye daktari Willem Dicke wa Uholanzi alionyesha kwamba kilichowaponya ni kuondolewa kwa ngano. Mtoto mwenye ugonjwa huu hatakiwi kujaribiwa kwa mkate, chapati wala mandazi. Lakini mchele, mahindi, muhogo, ndizi, samaki na maharage, yaani karibu chungu chote cha watu wa Rumonge, ni halali yake. Mtu asimkataze mtoto ngano kwa kubahatisha, apimwe kwanza.

Kabla ya kuanza

Usianze chakula kipya mpaka mambo haya yatimie:

1. Choo kimepungua na kuwa kizito kwa siku mbili au tatu mfululizo.
2. Mtoto hana homa, hatapiki, na ana hamu ya kula.
3. Vidonge vya zinki alivyopewa vinaendelea kumezwa mpaka siku 10 hadi 14 zitimie, hata kama kuharisha kumekoma.
4. Maji ya kunywa yamechemshwa au yametiwa dawa, na mikono inaoshwa kwa sabuni. Sisi tuliotoka ukingoni mwa ziwa tunajua jambo hili. Mwaka 2015, maelfu ya Warundi walipovuka na kukusanyika Kagunga, kipindupindu kiliwashambulia pale pale ufukweni. Chakula kizuri kikipikwa kwa maji machafu, utakilaumu chakula bure.

Kama mtoto anapewa Plumpy'Nut, iendelee kama ulivyoelekezwa. Anyonye kwanza, kisha ale Plumpy'Nut na kunywa maji salama, halafu ndipo vyakula vingine vifuate. Pakiti moja ya gramu 92 ina kalori 500. Kumgawia kaka yake ni kumpunguzia mgonjwa dawa. Usiiache mpaka wahudumu waseme.

Kanuni: kimoja, kidogo, siku tatu

Leta chakula kipya kimoja tu kwa wakati. Siku ya kwanza mpe kijiko kimoja au viwili vya chai, asubuhi, ili uweze kumwangalia mchana kutwa. Siku ya pili ongeza mpaka vijiko vitatu au vinne. Siku ya tatu mpe kiasi cha kawaida cha umri wake. Choo kikibaki kizuri, chakula hicho kimeingia kwenye orodha yake, nawe unaanza kingine. Kile cha zamani hakiondolewi.

Kwa nini kimoja? Ukimpa samaki, maharage na maziwa siku moja, naye akaharisha, utamlaumu nani kati ya watatu? Utavikataza vyote, na mtoto atapoteza vyakula viwili visivyo na kosa.

Andika kwenye daftari au nyuma ya kadi: tarehe, chakula, kiasi, na choo kilivyokuwa. Asiyejua kuandika achore alama. Waambie pia watoto wakubwa na majirani, kwa sababu kipande cha sambusa anachopewa mlangoni kitaharibu hesabu yako yote.

Vyakula vyetu, kwa mpangilio

*Kwanza: vyakula laini vya nguvu.* Uji mzito wa mchele, viazi, boga, au ndizi mbichi zilizochemshwa na kupondwa. Utafiti wa Bangladesh uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba ndizi mbichi zilizopikwa zilisaidia kupunguza kuharisha kwa watoto walioharisha muda mrefu. Uji uwe mzito, usimwagike upesi kwenye kijiko. Uji mwepesi unajaza tumbo maji. Muhogo unashibisha, lakini karibu wote ni wanga. Ukitumia unga wake, uwe umelowekwa na kukaushwa vizuri, na usikae peke yake kwenye sahani.

*Pili: mawese.* Haya ndiyo mali ya Rumonge. Mawese mekundu yana kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Anza na nusu kijiko cha chai ndani ya chakula, kisha ongeza mpaka kijiko kimoja kwa kila mlo. Kijiko kimoja kina kalori zipatazo 40. Usiyachome mpaka yawe meupe, maana rangi nyekundu ikipotea, vitamini nayo imepotea. Kama mgao ni wa mafuta meupe, nayo yanatia nguvu, ila vitamini itafutwe pia kwenye boga na mboga za majani.

*Tatu: samaki na yai.* Mukeke, ambaye wenzetu wa Kigoma wanamwita mgebuka, achemshwe, atolewe miiba yote na kupondwa. Akimkubali, fuata ndagala. Ndagala mkavu huliwa mzima pamoja na mifupa, kwa hiyo anampa mtoto protini na madini ya kujenga mifupa. Chagua waliokaushwa juu ya vichanja, si mchangani. Waoshe, wakaushe, watwange wawe unga, uchekeche, halafu upike kijiko kimoja cha unga huo ndani ya uji. Yai lichemshwe mpaka ligande. Wapo wanaosema yai si la mtoto mdogo. Kliniki haisemi hivyo. Lakini akivimba midomo, akitoka vipele mwilini au kupumua kwa shida baada ya kula yai, samaki au karanga, asipewe tena, na mkimbilie zahanati.

*Nne: mboga na matunda.* Lengalenga changa, iliyopikwa na kupondwa. Sombe ije baadaye, itwangwe sana na ichemke muda mrefu. Ndizi mbivu, papai na parachichi vipondwe kwa uma safi. Usimpe soda, maji ya matunda yenye sukari, wala chai. Chai inazuia damu kupata madini ya chuma.

*Tano: maharage.* Yanakuja karibu na mwisho kwa sababu ganda lake ni gumu kwa utumbo mchanga. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, yapike mpaka yalegee, yaponde na kuyachuja. Gesi kidogo si ugonjwa.

*Sita: maziwa.* Anza na maziwa yaliyoganda, kwa sababu sehemu ya sukari yake imekwisha kuliwa na vijidudu vizuri vya kugandisha. Yakikubalika, jaribu maziwa yaliyochemshwa, machache, ndani ya uji. Ukikosa maziwa kambini usiuze mgao wa familia ili uyanunue. Ndagala na yai yanaweza kushika nafasi yake.

Huhitaji chungu cha pili. Pika chakula cha familia, toa sehemu ya mtoto kabla ya kuweka pilipili na vitu asivyoruhusiwa, kisha endelea. Mpe kidogo kidogo mara 6 kwa siku. Kuharisha kukiisha kabisa, mwongezee mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili angalau, ili arudishe uzito aliopoteza.

Tumbo likikataa

Choo kikiwa chepesi mara moja, usiogope, subiri. Kikiwa cha maji mara tatu au zaidi kwa siku, ondoa kile chakula kipya tu, rudi kwenye vile alivyozoea, endelea kumnyonyesha na mpe maji ya ORS. Tumbo likitulia, endelea na chakula kingine. Kile kilichokataliwa kijaribiwe tena baada ya wiki mbili. Kukataliwa mara moja si hukumu ya maisha. Vyakula vitatu vikikataliwa mfululizo, acha kujaribu nyumbani, nenda kliniki na daftari lako.

Nenda zahanati mara moja, hata usiku, ukiona:

- damu kwenye choo;
- anatapika kila kitu, au hawezi kunyonya wala kunywa;
- macho yameingia ndani, ngozi ikifinywa inarudi polepole;
- degedege, au usingizi mzito asioamka;
- miguu yote miwili imevimba;
- utepe wa mkono unaonyesha rangi nyekundu, yaani chini ya sentimeta 11.5.

Maswali ya kujipima

1. Mtoto amekula uji mweupe peke yake kwa wiki tano na haharishi. Je, amepona?
2. Kwa nini hatuleti maharage na maziwa siku moja?
3. Mawese yaliyochomwa yakawa meupe yamepoteza nini?
4. Ni chakula gani ambacho hakikatazwi hata siku moja kwa sababu ya kuharisha?

Jadilini majibu na mhudumu wa afya wa kijiji chenu cha kambi, na umsomee jirani asiyejua kusoma. Siku mtoto atakapokula pamoja na ndugu zake kutoka sahani moja, huku uzito wake ukipanda kwenye kadi, ndipo mtakuwa mmemaliza somo hili.