Samaki ni Mali ya Taifa, Mgawo ni Mali ya Nani? Funzo Kutoka Aisilandi

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Samaki wa baharini ni mali ya namna hiyo: hawana zizi wala alama ya mwenyewe, na kila mvuvi hujiambia kuwa asipowavua leo, mwenzake atawavua kesho. Makala hii inadhamiria kueleza jinsi taifa la Aisilandi lilivyoifungulia bahari yake daftari kwa njia ya migawo ya uvuvi inayouzika. Aidha, inanuia kuonyesha kwamba mfumo unaowahifadhi samaki si lazima uwatendee haki wavuvi.

Chimbuko la Mfumo

Baada ya mivutano mikali na Uingereza, Aisilandi ilifaulu mwaka 1976 kuthibitisha mamlaka yake juu ya uvuvi hadi maili 200 kutoka pwani. Meli za kigeni ziliondoka, lakini za wenyeji ziliongezeka. Serikali ilijaribu kupunguza siku za kuvua chewa wa maji baridi, tegemeo kuu la wavuvi wa huko. Hata hivyo, kila siku zilipopunguzwa, wavuvi walivua kwa pupa zaidi katika siku zilizosalia. Ndipo mwaka 1984 kila chombo kikapewa mgawo wake. Sheria ya 1990, iliyoanza kutekelezwa 1991, iliruhusu migawo hiyo kuuzwa na kununuliwa kwa uhuru mkubwa zaidi.

Hisa na Mgawo

Hapa hatuna budi kutofautisha dhana mbili. Hisa ni asilimia ya kudumu. Mgawo ni tani zinazotokana na hisa hiyo kila mwaka wa uvuvi, yaani kuanzia Septemba hadi Agosti. Wanasayansi hukadiria wingi wa samaki, kisha waziri hutangaza jumla ya tani zitakazovuliwa. Tuchukulie kwamba jumla ni tani 100,000: mwenye hisa ya asilimia 2 atavua tani 2,000. Jumla ikishuka hadi tani 80,000, atavua 1,600.

Faida ya utaratibu huu ni wazi. Mbio za kuvua hupungua, kwa kuwa fungu la mtu haliwezi kunyakuliwa na jirani. Isitoshe, samaki wakiongezeka, hisa nayo huongezeka thamani. Mwaka 2007 serikali ilipunguza kiwango cha chewa kutoka tani 193,000 hadi 130,000. Hatua hiyo iliwauma wengi, lakini miaka iliyofuata chewa waliongezeka.

Kitendawili cha Mgawo wa Kwanza

Swali linalobaki ni hili: nani alipewa hapo mwanzo? Migawo ya 1984 ilizingatia kiasi ambacho kila chombo kilikuwa kimevua katika miaka mitatu iliyotangulia. Wenye vyombo walipewa bila malipo. Mabaharia waliovuta nyavu katika vyombo hivyo hivyo hawakupewa chochote. Kijana aliyetaka kuanza uvuvi baadaye alilazimika kununua au kukodi kile ambacho wenzake walikipata bure. Pale mwenye chombo alipouza hisa zake kwa kampuni ya mbali, kijiji kizima kilibaki na gati lisilo na samaki. Eneo la Vestfirðir, kaskazini-magharibi, linaujua vyema uchungu huo.

Ajabu ni kwamba sheria hiyo hiyo inatamka katika kifungu chake cha kwanza kuwa samaki ni mali ya taifa zima. Mwaka 2001 wavuvi wawili walivua makusudi bila mgawo, wakashtakiwa na kutiwa hatiani. Walipeleka malalamiko yao kwa Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, ambayo mwaka 2007 iliona kwamba walibaguliwa. Serikali nayo imechukua hatua kadhaa: ada ya uvuvi ilianza kutozwa 2004, na tangu 2009 vyombo vidogo huruhusiwa kuvua karibu na pwani wakati wa kiangazi bila kununua hisa.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba daftari liliwafaa samaki. Lakini daftari huandikwa na mtu, na majina ya ukurasa wa kwanza ndiyo yanayorithiwa. Sisi wanafunzi wa Kiswahili, tutakapotafsiri sheria za aina hii, tuchague maneno kwa uangalifu. Kumwita mtu “mmiliki wa mgawo” ni kumkabidhi bahari; kumwita “mwenye idhini ya kuvua” ni kumkumbusha kwamba bahari ina wenyewe.