Dhamana wa Kituo Hahitaji Ruhusa Zote

Maswali haya yametoka Kojani na vijiji jirani vya Wilaya ya Wete, kwa watu wanaoingiza takwimu za kliniki kwenye DHIS2, mfumo wa taarifa za afya unaotumika Zanzibar. Nimechagua yanayonikera na yanayonitia hofu.

Mimi ni dhamana wa kituo. Kijana wa takwimu wilayani ana ruhusa nyingi kuliko mimi. Huku si kuvunjiwa heshima?

Hapana, ndugu yangu, na dhana hii inaharibu mifumo yetu kuliko virusi. Akaunti ya DHIS2 hupangwa kwa mambo matatu. La kwanza ni jukumu: unaruhusiwa kufanya nini, kuingiza takwimu, kusoma ripoti au kufungulia wengine akaunti. La pili ni eneo: Kojani peke yake, Wete nzima au Pemba yote, na hapo pia, eneo la kuingiza takwimu hupangwa kando na eneo la kutazama. La tatu ni kundi: fomu na ripoti zipi mmefunguliwa wewe na wenzako.

Cheo hakimo. Daktari dhamana anaweza kutazama Pemba nzima asiweze kubadilisha tarakimu hata moja, na ndivyo inavyofaa, maana kazi yake ni kusoma na kuamua. Mwaka 1975 Saltzer na Schroeder waliandika kanuni hii: mtumiaji apewe ruhusa zile tu ambazo kazi yake haiendi bila hizo. Hatukutilii shaka. Ruhusa usiyoitumia wewe ataitumia aliyekuibia simu, au itakuponza mwenyewe kidole kikiteleza ukiharakisha ripoti ya mwezi. Nahodha wa Kojani hapungukiwi heshima kwa kuwa wanaozama na nyavu ni wengine.

Barua kadhaa, swali moja: tuko wanne, akaunti moja, ili mmoja akivuka kwenda Wete kazi isisimame. Pana ubaya?

Upo, na mkubwa. Kila tarakimu huhifadhiwa pamoja na jina la akaunti iliyoiingiza na tarehe. Chanjo za surua 14 zikiandikwa 41, dozi zitaagizwa kwa hesabu ya uongo, na mtakapoulizwa mtatazamana wote wanne. Ombeni akaunti nne zenye jukumu moja. DHIS2 ni programu huria. Haitozi ada kwa kila mtumiaji. Kisingizio cha gharama sikipokei.

Ni kweli akaunti ya aliyehama ikizimwa, takwimu alizoingiza hufutika?

Si kweli. Izimeni siku anayoondoka.

Kijana anayetusaidia anakwenda dago, kambi ya wavuvi, atakaa miezi. Tumwachie akaunti?

Izimwe akiondoka, ifunguliwe akirudi. Kwa wasaidizi wa muda, msimamizi wa mfumo aweke tarehe ya mwisho mapema. Akaunti itajifunga bila kusubiri mtu akumbuke.

Fundi simu ametaka neno la siri ili "aharakishe" mfumo. Tumpe?

Msimpe! Mfumo uko kwenye seva, hauharakishwi kibandani. Kojani watu wanajuana kwa ukoo. Jina la mgonjwa likionekana na asiyehusika, halirudishwi. Kuingia kwenye mfumo bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, nayo inafika Zanzibar. Mliokwisha kumpa, badilisheni neno la siri leo, kisha mwambieni msimamizi wa wilaya.

Kila baada ya miezi 3, dhamana aombe orodha ya akaunti za kituo chake na kuuliza kila jina: bado yupo, na kazi yake ni ile ile? Akitaka heshima kwenye mfumo, kazi hiyo ndiyo yake.