Muulize mteja kabla ya kuchora: dodoso katika kazi ya usanifu wa mandhari

Parokia inapojenga kanisa, shule au zahanati, ramani ya jengo huandaliwa kwa uangalifu. Lakini eneo linalolizunguka mara nyingi huachwa hadi mwisho, fedha zikiwa zimekwisha. Hapo ndipo maji ya mvua huanza kuchimba msingi, wagonjwa husubiri juani, na miche iliyopandwa siku ya uzinduzi hukauka kabla ya mwaka kwisha.

Kuzuia hasara za namna hiyo ni kazi ya usanifu wa mandhari. Hata hivyo kamati nyingi hazijui kwamba huduma hiyo ipo, na wanaoitoa mara nyingi hawajui namna ya kuieleza. Somo hili linaonyesha jinsi dodoso fupi linavyoweza kuzisaidia pande zote mbili.

Huduma hii ni nini?

Wengi wakisikia neno mandhari hufikiri maua na nyasi. Usanifu wa mandhari ni zaidi ya hapo. Ni kupanga ardhi yote iliyo nje ya jengo: maji yaelekee wapi, watu wapite wapi, kivuli kiwe wapi, magari yaegeshwe wapi, na mti gani upandwe umbali gani kutoka ukutani. Fani hii hufundishwa katika Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, na katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, Kenya. Wapo pia mafundi wa vitalu na vikundi vya vijana wanaoweza kufanya sehemu ya kazi hiyo.

Faida yake si uzuri tu. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa kumbukumbu za hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Alilinganisha jozi 23 za wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo. Waliolala penye dirisha linaloangalia miti walikaa hospitalini wastani wa siku 7.96 baada ya upasuaji. Walioangalia ukuta wa matofali walikaa siku 8.70, na walihitaji dawa kali zaidi za maumivu. Kamati inayosimamia kituo cha afya ina sababu ya kulitafakari jambo hili.

Kwa nini dodoso linatangaza huduma?

Tangazo la kawaida humwambia mteja, “Sisi tunaweza.” Dodoso zuri humwuliza, “Ninyi mnahitaji nini?” Mteja anapojibu swali kuhusu maji yanayotuama mbele ya darasa, anatambua mwenyewe kwamba tatizo lile lina ufumbuzi, na kwamba yuko mtu anayeushughulikia. Naye mtoa huduma anapata taarifa za kuandaa makadirio ya kweli badala ya kubahatisha. Imani huanzia hapo, na kazi nyingine hufuata.

Nani aulizwe?

Kosa la kawaida ni kumwuliza paroko na mwenyekiti peke yao. Wao hutia saini, lakini si wao tu wanaolitumia eneo. Waulizwe pia:

• Wanawake wanaofika na watoto na kukaa muda mrefu.
• Wazee na watu wenye ulemavu, ambao ngazi moja tu huwazuia kuingia.
• Mlinzi na mfanya usafi, ambao hujua maji hupita wapi mvua ikinyesha.
• Wanafunzi na walimu, kama kuna shule.
• Majirani, kwa sababu mfereji ukielekezwa vibaya hufika kwao.

Asiyesoma aulizwe kwa mdomo, na majibu yaandikwe kama alivyosema. Watu 25 au 30 waliochaguliwa kutoka makundi haya wana manufaa kuliko watu 100 wa kundi moja.

Dodoso la kwanza: kabla ya mchoro

Lisizidi ukurasa mmoja. Maswali 8 hadi 10 yanatosha. Epukeni maswali yanayomwelekeza mtu kwenye jibu. “Je, ungependa bustani nzuri mbele ya kanisa?” ni swali lisilofaa, kwani hakuna atakayekataa. Maswali yafuatayo yanaleta taarifa zaidi:

1. Huja hapa siku gani, na hukaa wapi ukisubiri?
2. Mvua kubwa ikinyesha, ni sehemu gani hupitika kwa shida?
3. Ni mti au mahali gani hapa usingependa paguswe? Kwa nini?
4. Maji ya kumwagilia hutoka wapi wakati wa kiangazi?
5. Nani atamwagilia, na analipwa na nani?
6. Kama kungekuwa na fedha za jambo moja tu, lingekuwa lipi?

Swali la tatu lisiachwe. Huenda chini ya mwembe wa zamani ndipo jumuiya hukutana, au pembeni kuna makaburi ambayo hayaonekani kwenye ramani. Swali la tano nalo huokoa fedha nyingi. Kama hakuna jibu, basi kazi ianze na miti michache inayostahimili ukame, kama mwarobaini, badala ya nyasi zinazohitaji maji kila siku.

Jibu la mdomo lisaidiwe na jicho. Mtafiti William H. Whyte alichunguza viwanja vya wazi vya jiji la New York kwa kuwapiga watu picha za filamu, na mwaka 1980 akachapisha kitabu juu ya matokeo yake. Aligundua jambo linaloonekana dogo: watu hukaa mahali penye pa kukaa. Viwanja vingine vilikuwa vimejengwa kwa gharama kubwa, na bado vilikuwa vitupu. Basi kabla ya kukusanya madodoso, kaeni nusu siku mkiangalia njia ambazo watu wamezichonga kwa miguu yao. Njia hizo nazo ni majibu.

Dodoso la pili: baada ya msimu wa mvua

Kazi ikikamilika, rudini baada ya masika moja na kiangazi kimoja. Ulizeni: Ni nini kimefanya kazi? Ni nini kimeharibika? Miche mingapi iko hai kati ya iliyopandwa? Je, ungeishauri parokia nyingine itumie huduma hii? Kwa nini?

Majibu haya ndiyo tangazo la kweli. Tuseme miche 34 kati ya 40 iko hai, na watu 18 kati ya 30 waliojibu wanasema sasa wanasubiri kivulini. Andikeni hivyo hivyo kwa idadi, na msiseme “wengi sana wamefurahi”. Ongezeni picha mbili zilizopigwa mahali pamoja, kabla na baada. Elezeni pia kilichoshindikana. Kamati inayosoma kwamba mfereji mmoja uliziba na ukarekebishwa itaamini na mengine yaliyoandikwa.

Kutumia majibu kwa haki

• Waambieni watu mapema kwamba majibu yatasaidia kupanga kazi na kutangaza huduma.
• Maneno au picha ya mtu isichapishwe bila ridhaa yake. Taarifa binafsi zinalindwa na sheria: Kenya tangu 2019, na Tanzania kwa sheria ya mwaka 2022.
• Rudisheni matokeo kwa waliojibu. Mtu akiulizwa kisha asisikie lolote, safari nyingine hatajibu.
• Kama majibu yanaonyesha kwamba hitaji ni tangi la maji au kukarabati paa, mwambieni mteja hivyo, hata kama mtakosa kazi. Shauri la namna hiyo hukumbukwa.

Neno kwa wafadhili

Ombi la fedha za kutengeneza mazingira ya kituo linapowafikia, ulizeni kama limeambatana na muhtasari wa madodoso. Muhtasari huo utaonyesha nani aliulizwa, nani atatunza, na maji yatatoka wapi. Pia ruhusuni kiasi kidogo cha fedha kwa ajili ya dodoso la pili. Bila hilo, ripoti ya mwisho itahesabu miche iliyopandwa, na si miti iliyokua.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika eneo letu, ni nani hutumia sana sehemu ya nje ya majengo? Je, tumewahi kumwuliza lolote?
2. Tulipanda miche mara ya mwisho lini, na mingapi ingali hai?
3. Ni maswali gani matatu tungeyaweka kwanza katika dodoso letu?
4. Nani atakusanya majibu, na yatasomwa mbele ya watu lini?