Pitia Kisii kwanza, Kabete baadaye

Mdogo wangu wa Katito, barua yako nimeisoma mara mbili. Una diploma ya ujenzi, umekaa miaka minne kwenye idara ya barabara, na sasa umekaimishwa usimamizi wa kazi za wadi nzima. Dereva wa greda ni rika la baba yako. Unauliza kama uchukue mkopo wa sako ukasome shahada ya usimamizi, masomo ya jioni, Kisumu.

Mwaka huu, hapana.

Umesema mwenyewe kilichokukera: barabara ilichongwa mwezi wa Mei, wiki mbili baadaye mvua ikaichukua. Hapo shahada haikukosekana, nyamera. Kilichokosekana ni kalenda. Mwaka wa fedha wa kaunti unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Masika huanza Machi. Mpango wa ununuzi usipokuwa tayari mwaka unapoanza, zabuni inatangazwa Krismasi ikikaribia, mkandarasi anatia sahihi Machi, greda inafika matope yameshajaa. Na ule udongo wetu mweusi wa tambarare unaujua: ukiuchonga ukiwa umelowa, umechimba mfereji. Mtu wa Nyakach kama wewe hafundishwi maji yanafanya nini. Tembea tu mpaka makorongo ya Katuk Odeyo.

Kwa hiyo anza na kituo cha mafunzo ya barabara cha Kisii. Ni karibu, na kina historia. Mwaka 1974 Kenya ilianzisha mpango wa barabara za mashambani uliotegemea jembe, karai na mikono ya wanavijiji, na elimu hiyo ndiyo iliyokuja kukipa Kisii jina, hata wageni kutoka nchi nyingine za Afrika wakaja kujifunza hapo. Utafundishwa kugawa kazi kwa vipimo, mita kadhaa za mtaro kwa kibarua mmoja kwa siku, akimaliza aende nyumbani. Mbele ya wazee kama dereva wako wa greda, kipimo cha haki kitakupa heshima kuliko cheo.

Nikupe aibu yangu kidogo. Nikiwa kijana, katika ofisi ambayo sitaitaja, nilitia sahihi karatasi ya malori ya murram nikiwa nimekaa kivulini. Niliyahesabu kwa masikio. Jioni mzee mmoja kibarua akanishika mkono, akachimba kishimo katikati ya barabara kwa ncha ya panga, akasema leta rula. Tulihitaji sentimita 15 baada ya rola kupita. Rula ilisoma 9. Sikulala. Tangu siku hiyo rula ya shule haitoki kwenye mkoba wangu, na watu wamenicheka sana.

Ukishaweza hayo, ndipo uombe idara ikupeleke Chuo cha Serikali, kile cha Kabete kilichorithi taasisi ya utawala ya zamani kwa sheria ya 2012. Kozi yao ya mameneja waandamizi ni ya wiki nne. Watu huenda kwa sababu ya kupandishwa cheo, na mimi sioni ubaya, lakini wewe kasikilize hasa mambo ya bajeti, mikataba na Sheria ya Ununuzi ya 2015. Humo ndimo mameneja wengi wa barabara huzama, wakijua saruji vizuri kabisa.

Na usajili je? Hukuuliza, ila nasema. Bodi ya Wahandisi inataka shahada. Mwenye diploma ana bodi yake, ya wanateknolojia na mafundi sanifu, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Jisajili huko. Ukitia sahihi cheti cha malipo ya mkandarasi, jina lako liwe na mahali pa kusimama.

Kuhusu dereva wa greda: msalimie kwanza asubuhi, umwite baba, umuulize maji ya sehemu ile hupita wapi. Anajua. Kisha mpe kazi bila kuomba radhi.

Shahada itakuja, na ya mchana ikiwezekana, si kwa mkopo wa sako. Wiki hii chukua daftari, panda boda, pita barabara zako zote ukihesabu kalvati zilizoziba. Niandikie ni ngapi.