PINI ZA NYWELE ZA WANAWAKE WA ROMA

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wageni kadha waliotazama mchezo wetu Siku ya Wazazi waliniuliza neno moja: imekuwaje Calpurnia, mke wa Kaizari, alipiga magoti kumsihi mumewe asitoke nyumbani, na nywele zake ndefu zisianguke, hali zilishikwa kwa vijiti viwili tu? Mwalimu wetu wa Historia ameniomba nilijibu swali hilo katika gazeti hili, nami najibu pamoja na kueleza kosa langu.

Mchezo ulikuwa Juliasi Kaizari, katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1963. Mimi nilipewa kazi ya mavazi na nywele. Sisi sote hapa twakata nywele fupi kama sheria ya shule ilivyo, kwa hiyo nilitengeneza nywele za katani, nikazichemsha katika rangi nyeusi. Katika mazoezi ya kwanza nilizibana kwa vibanio vya waya vya dukani, dazeni nzima. Calpurnia alipopiga magoti, fundo likamwangukia begani, na Kaizari akacheka hata akasahau maneno yake. Mwalimu akaniuliza, "Je, wanawake wa Roma walikuwa na vibanio hivyo?" Sikuwa na jibu.

Jibu ni kwamba hawakuwa navyo. Kibanio cha waya ambacho miguu yake miwili hubanana kilienea katika miaka ya 1920, wanawake wa Ulaya na Marekani walipoanza kukata nywele fupi. Mwanamke wa Kirumi alitumia pini iliyonyooka, ncha upande mmoja na kichwa upande wa pili. Zilizo nyingi katika majumba ya makumbusho ni za mfupa. Matajiri walikuwa na za pembe za ndovu, fedha, hata dhahabu. Nyingine ni za shaba, au za jiwe jeusi linalong'aa, ambalo asili yake ni mti uliozikwa ardhini zamani sana ukageuka kama makaa. Mwaka 1875, katika ujenzi wa stesheni ya reli mjini York, Uingereza, lilifukuliwa kaburi la Kirumi ambamo nywele za mwanamke zilisalia. Zilikuwa zingali zimefungwa fundo, na pini mbili za jiwe hilo jeusi zimo ndani yake. Hapana ushahidi ulio bora kuliko huo.

Lakini kijiti kilichonyooka chawezaje kushika kichwa kizima cha nywele? Siri imo katika njia ya kukichomeka. Kwanza nywele husukwa au kusokotwa, kisha huzungushwa kisogoni kuwa fundo. Ncha ya pini huingizwa ukingoni mwa fundo, ikielekea nje, mbali na katikati. Huchota nywele chache zilizolala juu ya kichwa, ndipo hugeuzwa kabisa, ikasukumwa chini ya fundo mpaka itokee upande wa pili. Kule kugeuzwa ndiko kunakozivuta nywele zikaze, na nywele zilizokazwa huishika pini isitoke. Ukiichomeka moja kwa moja kama msumari, haitashika kitu. Ya pili hupitishwa kuikata ile ya kwanza. Nilijaribu mara nyingi juu ya nywele za katani, na katani ni nzuri kwa kazi hii kwa sababu haitelezi.

Hata umbo la pini lilibadilika. Katika zile zilizochimbuliwa mjini Colchester, pini za mfupa za karne mbili za kwanza baada ya Kristo hupungua unene toka kichwani mpaka nchani. Za tangu karibu mwaka 200 ni fupi zaidi, nazo zimenenepa katikati, na unene huo huzizuia zisiteleze. Basi mtu atakaye kuigiza mambo ya kale hana budi kuuliza kwanza, ni ya mwaka gani?

Na hapo ndipo nilipokosea. Katika kitabu cha maktaba niliona picha ya sanamu ya Julia Domna, mke wa Kaizari Septimius Severus, ambaye alizaliwa hapa Afrika, mjini Leptis Magna katika nchi ya Libya ya leo. Nywele zake zina mawimbi, na nyuma zimesukwa zikawa fundo kubwa bapa. Nikasema, hizi ndizo za Calpurnia. Nikasuka wiki mbili, na pini zikakataa kushika. Kisha nikasoma habari za Bibi Janet Stephens, msusi wa mji wa Baltimore, Marekani, ambaye naye aliiona sanamu ya Julia Domna mwaka 2001, akajaribu kuiga nywele zake kwa pini, asiweze. Baadaye aligundua ya kuwa neno la Kilatini acus, ambalo watafsiri waliliandika "pini ya nywele", lina maana pia ya sindano. Basi akazishona nywele kwa sindano na uzi, zikakaa. Mwaka 2008 maelezo yake yalichapwa katika jarida la wataalamu wa mambo ya kale ya Roma. Nami nikashona, zikakaa kweli, nikajivuna.

Mtoto wa Kidato cha Pili aliyekuwa akinishikia uzi akaniuliza kwa upole, "Dada, huyu Julia Domna aliishi lini?" Nikamwambia, "Shika uzi wako!" Usiku nikatazama kitabu. Kaizari aliuawa mwaka 44 kabla ya Kristo. Severus alianza kutawala mwaka 193 baada ya Kristo. Nilikuwa nimemvika Calpurnia nywele za miaka zaidi ya 230 baadaye.

Katika kusoma nilikuta pia habari za watumwa wa kike waliotengeneza nywele za mabibi wa Roma, walioitwa ornatrix. Mshairi Ovid anawakaripia mabibi waliomnyang'anya mtumwa pini na kumchoma nayo mikononi. (Naye Cassius Dio aeleza ya kuwa Fulvia, mke wa Antony yule yule wa mchezo wetu, alichomoa pini za nywele zake akachoma ulimi wa Cicero aliyekwisha kufa.) Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka mtoto yule na uzi wake. Asubuhi nilimwomba radhi mbele ya wenzake, tukakaa pamoja kufumua kazi yote.

Tulifuata sanamu za Octavia na Livia, walioishi karibu na wakati wa Kaizari: nywele za mbele zimekunjwa zikainuka juu ya paji la uso, na za nyuma zimefungwa fundo dogo kisogoni. Mpishi alitupa mfupa wa muundi wa ng'ombe. Tuliuchemsha kuondoa mafuta, tukaupasua, tukauchonga kwa tupa na kuulainisha kwa msasa, tukapata pini nne za sentimita 12, nyembamba kuelekea nchani, bila unene wa katikati. Na pazia lilipofunguliwa, mtoto wa Kidato cha Pili alikuwa amesimama nyuma ya Calpurnia, akimchomeka pini ya pili. Katika kitabu cha mchezo hayumo, lakini Mwalimu alikubali.

Pini tatu zimo katika kabati la mavazi. Ya nne ilivunjika wakati wa mazoezi, kwa kuwa niliichonga nyembamba mno.