Msuli Ukikaza Majini, Lala Chali Kwanza

Umeogelea vizuri, ufukwe unauona, mara kigimbi, lile shavu la mguu, kinajikunja ghafla na kuwa kigumu kama kokwa la embe. Maumivu yanapanda hadi nyuma ya goti na vidole vya mguu vinapinda vyenyewe. Mimi yalinikuta asubuhi moja baharini Dar es Salaam, mahali ambapo miguu haifiki chini. Kilichoniokoa ni jambo dogo nililofundishwa nikiwa bado kwenye maji ya kiunoni, na ningependa nawe ulijue kabla hujalihitaji.

Msuli unakaza kwa nini?

Msuli hufanya kazi kwa kukaza na kuachia. Amri huletwa na neva, yaani nyuzi za fahamu zinazotoka kwenye uti wa mgongo. Msuli ukichoka sana, amri ya kukaza huizidi nguvu ile ya kuachia, nao unabaki umejifunga. Hutokea upesi zaidi msuli ukiwa umefupika. Ndiyo maana waogeleaji hubanwa kigimbi na unyayo: unapopiga maji kwa miguu, vidole vimenyooka kuelekea nyuma, na kigimbi kinafanya kazi kikiwa kifupi muda wote. Wakimbiaji na wachezaji wa mpira hubanwa kigimbi au nyuma ya paja, mara nyingi kuelekea mwisho wa mazoezi au mchezo.

Nikibanwa majini nifanye nini?

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake.

1. Acha kuogelea, ulale chali. Masikio yawe ndani ya maji, kidevu juu, kifua kimejaa hewa. Hewa ya kifuani ndiyo inayokufanya uelee. Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa. Kutapatapa humaliza pumzi na kuzamisha kichwa, ilhali mguu uliokaza haukuzuii kuelea.

2. Ukishatulia, inua mkono mmoja na uite. Usione haya. Ni heri watu wakufuate bure kuliko wachelewe.

3. Unyooshe msuli. Kama ni kigimbi, nyoosha goti na uvute vidole vya mguu kuelekea kwenye ugoko. Mkono ukifika, shika vidole uvivute. Usipofika, vivute kwa nguvu ya mguu wenyewe. Kama ni nyuma ya paja, nyoosha goti. Kama ni mbele ya paja, kunja goti na uvute kisigino kuelekea kwenye kalio. Shikilia hapo sekunde 20 hadi 30 huku ukipumua polepole, kisha rudia mpaka msuli uachie.

4. Msuli ukiachia, toka majini. Msuli uliokaza mara moja hukaza tena kwa urahisi. Rudi ukiwa chali, ukivuta maji kwa mikono na kuiacha miguu ilegee.

Nikimwona mwenzangu amebanwa?

Usimrukie kama hujafunzwa kuokoa, kwa sababu mtu mwenye hofu hukushika na kukuzamisha pamoja naye. Mpelekee fimbo ndefu, mrushie kamba, boya, au hata dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko barabara. Dumu hilo litamshikilia juu ya maji. Mwambie kwa sauti alale chali. Ita watu, na ukiwa Tanzania piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Na nikiwa nchi kavu?

Acha zoezi, usijilazimishe kulimalizia. Kaa chini, nyoosha mguu, pitisha kanga au taulo kwenye unyayo, kisha uivute kuelekea kwako taratibu. Usiupige msuli wala kuukanda kwa nguvu ukiwa bado umekaza. Ukishaachia, ukande polepole kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Unaweza kuuma siku moja au mbili. Tiba hii haigharimu hata senti.

Si upungufu wa maji na chumvi?

Wengi tumeambiwa hivyo, na jasho jingi linaweza kuchangia. Lakini watafiti wa Afrika Kusini walipima damu za washindani wa Ironman, ambao huogelea kilomita 3.8, huendesha baiskeli kilomita 180 na kumalizia kwa mbio za kilomita 42. Hawakuona kwamba waliobanwa na misuli walikuwa wamekaukiwa zaidi kuliko wenzao. Uchovu wa msuli wenyewe ndio wa kuuangalia kwanza.

Hata hivyo kunywa maji kadiri ya kiu. Ukifanya mazoezi zaidi ya saa moja kwenye joto, dafu linafaa, au ORS ya duka la dawa, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuyeyusha majini, ambayo bei yake ni ndogo: pakiti moja kwenye kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake. Nyumbani unaweza kuchanganya vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Usijilazimishe kunywa malita ya maji matupu. Huzimua chumvi ya damu, na hilo ni hatari. Usinywe pia kwinini kwa ajili ya kubanwa na misuli. Ni dawa ya malaria, na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na damu.

Nitajikingaje?

Ongeza umbali na kasi kidogo kidogo, wiki hadi wiki. Pasha mwili joto dakika 5 hadi 10, na nyoosha vigimbi kila siku ya mazoezi. Ukiwa majini, legeza vifundo vya miguu, na kila baada ya muda vuta vidole kuelekea kwako. Usiogelee peke yako; ogelea sambamba na ufukwe badala ya kwenda kilindini.

Lini nimwone daktari?

Nenda kituo cha afya kama misuli inakaza mara kwa mara bila mazoezi, kama mguu mmoja umevimba na una joto, au kama mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi baada ya mazoezi makali. Mtajie daktari dawa unazotumia, hasa za kukojosha na za kupunguza lehemu, yaani mafuta ya kwenye damu, lakini usiziache mwenyewe. Mwenye selimundu, yaani sikoseli, akipata maumivu makali mazoezini, aache papo hapo na apelekwe hospitali.

Safari ijayo utakapokwenda kuogelea, anzia pale maji yanapokufika kiunoni. Jifanye umebanwa: lala chali, vuta pumzi, shika vidole, hesabu hadi ishirini. Rudia mara tano, na mwenzako akitazama. Mwili ukishazoea, siku msuli utakapokaza kweli utalala chali hata kabla hujawaza.