SOMO: KUSAIDIA MKONO ULIOPOOZA KWA NJIA YA SIMU

Soma Marko 3:1-5.

Wapendwa wanafunzi, Bwana Yesu alimwona mtu mwenye mkono uliokauka, wala hakumpita. Ergoterapia ni kazi ya kumfundisha mtu kama huyo kuvaa, kula, kuoga na kulima tena. Siku hizi wanafunzi wake hufundishwa pia kwa intaneti. Mwaka 2020, kwa ajili ya Covid-19, shule nyingi zilifungwa, na wengi walijifunza hivyo. Lakini tangu mwaka 2014 Shirikisho la Ulimwengu la Ergoterapia lilisema ya kuwa mgonjwa aweza kusaidiwa kutoka mbali, ila kazi iwe njema sawasawa na ile ya uso kwa uso.

Basi, ufanye nini?

1. Omba ruhusa. Mgonjwa asiyetaka kuonekana asilazimishwe. Picha yake ni siri yake. Usiipeleke kwa rafiki wala katika kikundi cha WhatsApp. Patana naye pia nani atapiga tena kama mtandao ukikatika.

2. Weka simu vizuri. Isimame mbali kidogo, penye mwanga, mwili wote uonekane. Uso peke yake hauonyeshi bega lililoanguka.

3. Ita mtu wa nyumbani. Simu haina mikono. Mke au mtoto akae upande uliopooza, mgonjwa asianguke. Lakini asimvute kwa mkono ule, maana bega litaumia.

4. Fundisha jambo moja. Kwa mfano, shati: katika kuvaa, mkono uliopooza huingia kwanza, katika kuvua, mkono wenye nguvu hutoka kwanza. Kisha nyamaza, umtazame akifanya mwenyewe.

5. Jua mpaka wa simu. Uso ukipinda ghafula, maneno yakipotea, au mkono mzima ukilegea, acha mafundisho. Apelekwe hospitali mara moja.

Tena, usidhani kioo cha simu kinatosha. Shirikisho lile linataka kila mwanafunzi afanye angalau saa 1000 za mazoezi ya kazi, chini ya uangalizi. Mkono usiowahi kushika bega la mgonjwa hautajua kumwongoza mke wake kulishika.

MAULIZO
1. Kwa nini mwili wote uonekane?
2. Mkono gani huingia kwanza katika shati?
3. Ni dalili gani zinazotuamuru kuacha simu?
4. Nani kijijini kwako amekaa ndani kwa sababu ya kupooza? Mwombee, kisha umtembelee.